Volkano Kuu: Mlipuko wa Mbali Unavyoweza Kugusa Shamba la Mwera

 

Leo naomba tuweke kando habari za viuatilifu na nafasi za kupandia. Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, inasema chini ya Marekani kuna volkano iko mbioni kulipuka na dunia nzima itakaa gizani miaka kumi. Nimetumiwa na vijana kadhaa. Mmoja wao yuko kwenye mpango wa kukopa ili apande mikorosho, akaniuliza: "Bwana shamba, kuna haja gani ya kupanda mti wa kusubiri miaka mitatu kama dunia yenyewe ndiyo hii?"

Swali lina maana, kwa sababu linahusu hela. Kwa hiyo tulijibu taratibu: volkano kuu ni kitu gani, kweli zipo, zilishawahi kutufikia huku kwetu, na mkulima wa biashara wa Pangani afanye nini na habari hii.

Volkano kuu ni ipi?

Volkano ya kawaida tunaifahamu. Mwamba ulioyeyuka, yaani magma, unapanda kutoka chini ya ardhi na kutoka juu kama uji wa moto, majivu na gesi. Kilimanjaro, Meru na Hanang ilijengwa hivyo, tabaka juu ya tabaka.

Wataalamu hupima ukubwa wa mlipuko kwa daraja, kuanzia 0 hadi 8. Katika madaraja ya juu, kila ukipanda daraja moja, mlipuko unakuwa mkubwa mara kumi. Volkano kuu, wengine husema supavolkano, ni ile iliyowahi kufika daraja la 8: mlipuko uliotoa zaidi ya kilomita za ujazo 1,000 za mawe na majivu. Ili upate picha, chukua eneo lenye urefu wa kilomita 100 na upana wa kilomita 100, ulifukie lote kwa kina cha mita 100. Hapo ndipo daraja la 8 linapoanzia.

Jambo la pili la kushangaza ni kwamba volkano kuu mara nyingi haina umbo la mlima. Magma nyingi sana hujikusanya chini, gesi zikiwa zimebanwa ndani yake kama soda iliyotikiswa. Paa la juu likipasuka, vyote vinatoka kwa mkupuo. Chini panabaki patupu, ardhi ya juu inadidimia na kuacha shimo kubwa linaloitwa kaldera. Ukipita juu yake baada ya miaka mingi utaona ziwa, au bonde lenye nyasi, wala hutashtuka.

Mfano wa kaldera tunao wenyewe, na watalii wanalipa dola kuja kuuona: Ngorongoro. Ulikuwa mlima mrefu wa volkano, kilele chake kikaporomoka ndani zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Shimo lililobaki lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 260 na kina cha mita kama 600. Mlipuko wa Ngorongoro haumo kwenye orodha ya milipuko ya daraja la 8, lakini ukisimama pale ukingoni unaelewa jinsi mlima unavyoweza kumezwa na ardhi.

Zile kubwa zenyewe

Inayotajwa sana ni Yellowstone, Marekani. Imelipuka kwa nguvu kubwa mara tatu: miaka milioni 2.1 iliyopita, miaka milioni 1.3 iliyopita, na miaka 640,000 iliyopita. Nyingine ni Taupo, New Zealand, ambayo ndiyo ya mwisho kufika daraja la 8, kama miaka 26,000 iliyopita.

Ila inayotuhusu zaidi sisi wa Bahari ya Hindi ni Toba, kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Ililipuka kama miaka 74,000 iliyopita. Kaldera yake leo ni ziwa lenye urefu wa kilomita 100 na upana wa kilomita 30. Majivu yake yalifunika India, yakavuka bahari, yakafika Afrika Mashariki. Sikukuzii mambo. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamekuta vipande vidogo mno vya kioo cha majivu ya Toba ndani ya tope la chini ya Ziwa Nyasa, umbali wa zaidi ya kilomita 7,000 kutoka mlipuko ulipotokea.

Sasa hapa video huwa zinanyamaza. Watafiti hao hao waliangalia tabaka za tope zilizo juu na chini ya yale majivu, wakitafuta dalili za baridi kali au ukame wa kutisha uliofuata. Hawakuona badiliko kubwa la joto pale Ziwa Nyasa. Watu walikuwepo Afrika wakati huo, na waliendelea kuwepo. Kwa hiyo hata mlipuko mkubwa kuliko yote ya miaka 100,000 iliyopita haukuwa mwisho wa dunia kwa bara letu.

Hatari yenyewe iko wapi, kama si moto?

Ujiuji wa moto huunguza walio karibu tu. Kinachosafiri dunia nzima ni gesi ya salfa. Mlipuko ukiwa na nguvu ya kutosha, gesi hiyo hurushwa juu kupita mawingu ya mvua. Huko juu hakuna mvua ya kuisafisha. Inageuka ukungu mwembamba wa asidi, unazunguka dunia mwaka mmoja, miwili au zaidi, na unarudisha sehemu ya mwanga wa jua angani. Ni kama umefunga wavu wa kivuli juu ya shamba la dunia nzima bila kumuuliza mkulima.

Tuone milipuko mitatu, yote midogo kuliko volkano kuu.

Pinatubo, Ufilipino, Juni 1991. Ililipuka kwa daraja la 6. Wastani wa joto la dunia ulishuka kama nusu nyuzi kwa mwaka mmoja hivi. Nusu nyuzi inaonekana ndogo, lakini huo ni wastani wa dunia nzima. Kuna sehemu zilizoshuka zaidi na sehemu ambazo hazikuhisi kitu.

Tambora, Indonesia, Aprili 1815. Daraja la 7. Mwaka uliofuata, 1816, Ulaya na kaskazini mashariki ya Marekani hazikupata kiangazi. Baridi iliunguza mazao mwezi Juni, bei ya nafaka ikapanda sana, watu wakahama mashamba. Yunnan, China, mpunga uliharibika na njaa ikaingia. Wakulima wale hawakusikia mlio wa Tambora, na wengi hawakujua kamwe kwa nini msimu umekufa.

Laki, Iceland, 1783. Huu haukuwa mlipuko wa kurusha mawe. Ardhi ilipasuka na kutoa gesi kwa miezi minane. Pale Iceland kwenyewe zaidi ya nusu ya mifugo ilikufa kwa kula majani yenye sumu ya floraidi, na karibu moja ya tano ya watu wakafa kwa njaa. Lakini sikiliza hii: mafuriko ya mto Nile yalikuwa haba mwaka huo na uliofuata, na Misri ikapata njaa. Watafiti wanaunganisha mambo hayo mawili. Upande wa kaskazini wa dunia ulipopoa, ukanda wa mvua ukakosa nguvu ya kupanda kuelekea huko kama kawaida yake, mvua za nyanda za juu za Ethiopia zikapungua.

Hilo la ukanda wa mvua ndilo mkulima wa pwani anatakiwa alishike. Masika yetu na vuli yetu huja na ukanda huo huo wa mvua, unaopanda na kushuka kulifuata jua. Bahari ikipoa, mvuke unapungua. Upande mmoja wa dunia ukipoa kuliko mwingine, ukanda unasukumwa. Mlipuko mkubwa ukitokea, suala letu Mwera halitakuwa theluji kudondoka Pangani. Litakuwa mvua kuja wakati usiotarajiwa, kidogo au nyingi kupita kiasi, misimu miwili mitatu mfululizo.

Soko linaweza kufungwa hata na volkano ndogo

Mfano mkubwa kwa kijana wa kilimo biashara ulitokea hapa jirani, na wengi wenu mlikuwa watoto.

Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull, Iceland, ilirusha majivu. Ulikuwa mlipuko mdogo, hata hauikaribii Pinatubo. Lakini majivu yaliingia kwenye njia za ndege, na majivu ya volkano yanayeyuka ndani ya injini ya ndege na kuiziba. Anga ya Ulaya ikafungwa kwa karibu wiki nzima. Safari za ndege kama 100,000 zilifutwa.

Naivasha, Kenya, hakukudondoka hata punje ya majivu hayo. Mvua ilikuwepo, maua yalichanua vizuri kabisa. Ila waridi la kuuza Uholanzi haliwezi kungoja. Vyumba vya baridi vilijaa, maua mapya yakaendelea kuchanua, mwisho yakatupwa kwenye mboji na mengine wakapewa ng'ombe. Maelfu ya vibarua wakaambiwa wakae nyumbani kwanza. Wakulima wa mboga mbichi za kusafirishwa kwa ndege wakapigwa vile vile. Wakati huo huo chai na kahawa, ambazo hukaa ghalani na kwenda kwa meli, hazikupata tatizo hilo.

Umeona tofauti? Mvua ile ile, nchi ile ile, volkano ile ile. Aliyeumia ni mwenye zao linaloharibika upesi, soko moja, na njia moja ya kulifikia soko hilo.

Na sisi wa Tanga hatuhitaji kwenda mbali kujifunza hili. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 ukapandwa Kikogwe, hapa hapa Pangani, miche 62 tu iliyookoka safari kutoka Florida. Ukakua hadi mkoa mzima ukaishi kwa mkonge. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka kuanzia miaka ya 1960, na kila mzee wa hapa anaweza kukuonyesha shamba lililogeuka pori. Haikuwa volkano, lakini kosa ni lile lile la kuweka kila kitu kwenye kapu moja.

Je, ya kwetu inaweza kulipuka?

Tanzania ina volkano hai. Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, ililipuka Septemba 2007 na kuendelea hadi 2008, majivu yakaanguka malishoni na wafugaji wakahamisha mifugo. Meru ilitoa majivu mara ya mwisho 1910. Kusini, Rungwe ilikuwa na mlipuko mkubwa kama miaka 4,000 iliyopita. Kwa majirani wa bahari, Karthala ya Ngazija, Komoro, ililipuka Aprili na Novemba 2005, majivu yakaingia kwenye matangi ya maji ya mvua na watu wengi wakakosa maji safi ya kunywa. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohesabiwa kuwa volkano kuu.

Usichanganye pia volkano na maporomoko. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, zaidi ya watu 80 wakafariki. Mitandaoni ikasemwa volkano imelipuka. Serikali na wataalamu wakaeleza kwamba ni mvua kubwa iliyolowesha sehemu ya mlima ikakatika. Hanang ni volkano ya zamani, ndiyo, lakini kilichoua ni maji na udongo. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu maporomoko yana kinga: miti, njia za maji, na kutojenga kwenye mkondo.

Sisi Mwera tuko mbali na hizo zote. Tunachopata kutoka kwenye volkano kwa sasa ni faida: maji ya Mto Pangani yanaanzia Kilimanjaro na Meru, yanapita mashamba ya miwa na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, ndipo yanafika kwetu baharini.

Basi tupande mikorosho au tusipande?

Tupande. Milipuko ya daraja la 8 hutokea mara moja katika makumi ya maelfu ya miaka. Yellowstone inapimwa usiku na mchana, na volkano ya ukubwa huo huonyesha dalili kabla: ardhi kuvimba, matetemeko mengi, gesi kubadilika. Hakuna anayeweza kukutajia mwaka. Anayekutajia mwaka anatafuta watazamaji.

Lakini mlipuko wa daraja la 7, wa ukubwa wa Tambora, hutokea mara moja au mbili katika kila miaka 1,000. Daraja la 6 huja mara nyingi zaidi. Tangu Tambora imepita zaidi ya miaka 200. Kwa hiyo mimi naona mtu wa kumwogopa kidogo si yule wa kwenye video. Ni mdogo wake, ambaye atavuruga misimu miwili, atapandisha bei ya ngano na mchele duniani, na kuzifanya nchi zifunge mipaka ya chakula. Ngano yetu nyingi tunaagiza nje. Mbolea vile vile. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mbolea hadi serikali ikaanza kutoa ruzuku Agosti mwaka huo. Nani asiyekumbuka mfuko wa urea ulivyokuwa?

Uzuri ni kwamba maandalizi ya mlipuko wa mbali ni yale yale ya ukame, ugonjwa wa mazao na bei kuanguka. Hayaendi bure hata volkano isipolipuka.

1. Gawa mazao kwa muda wake. Shambani uwe na zao la haraka (ufuta, mboga), zao la chakula, na zao la miaka mingi (mnazi, mkorosho, michungwa). Mti wenye mizizi mirefu huvumilia msimu mbaya kuliko hindi.

2. Muhogo usiuvue wote. Muhogo ni ghala lililoko ardhini. Hata kama unauza, acha sehemu ya shamba ambayo haiguswi hadi uone msimu unaofuata umekaa vizuri.

3. Hifadhi nafaka kitaalamu. Kausha mahindi hadi unyevu usiozidi asilimia 13, weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, funga kila tabaka peke yake. Lenga chakula cha familia hadi mavuno mawili yajayo, siyo moja.

4. Tunza mbegu zako. Mbegu za asili za mahindi, kunde na choroko zikae mahali pawili tofauti. Wale wa Kikogwe walianza na miche 62. Wangekuwa na sifuri, wasingeanza.

5. Angalau wanunuzi wawili na njia mbili. Kama bidhaa yako yote inamtegemea mtu mmoja, au ndege moja, au barabara moja, anza leo kutafuta wa pili. Ongeza na usindikaji: nazi mbichi na mafuta ya nazi haviozi kwa kasi moja.

6. Soma mkataba na bima. Kwenye mkataba wa kilimo tafuta kifungu cha majanga yaliyo nje ya uwezo wa binadamu: nani anabeba hasara, na utatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku ngapi. Kwenye bima ya mazao uliza wazi: mnalipa ukame? Mnalipa soko kufungwa? Mara nyingi la pili hawalipi.

7. Mkopo uendane na zao. Mkorosho wa miaka mitatu usiukopee mkopo wa miezi kumi na miwili. Huo mkopo utakuangusha hata bila volkano.

Majivu yakianguka, fanya haya

Haya ni kwa wenzetu wa Arusha, Manyara na Mbeya, na kwa yeyote mwenye shamba huko.

Kwanza, tenganisha mifereji ya bati na tangi la maji, kisha funika visima. Waliofundisha hili ni watu wa Ngazija, kwa shida yao. Funga mifugo ndani, wape malisho yaliyofunikwa, kwa sababu majani yenye majivu yanaweza kuwa na floraidi. Funika pua na mdomo, linda macho. Ondoa majivu juu ya bati kabla ya mvua, maana yakilowa yanakuwa mazito na bati linaweza kuporomoka, na uwe mwangalifu usiteleze. Mboga za majani zisafishe kwa maji mengi kabla ya kula au kuuza. Majivu membamba shambani yachanganye na udongo wakati wa kulima, na baada ya miaka mingi ndiyo yanayotengeneza udongo mzuri kama ule wa migomba ya Rungwe. Tabaka nene ni habari nyingine, mwite afisa ugani wako kabla hujagusa.

Taarifa za hali ya hewa zichukue kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Za matetemeko na volkano zichukue kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Video isiyo na jina la mtaalamu wala tarehe, usiitume kwa mwenzako.

Kazi ya wiki hii ni moja na ni ndogo. Chukua daftari, andika kila zao unalouza, mbele yake andika nani ananunua, linafikaje kwake, na linaweza kukaa siku ngapi bila kuharibika. Zao lenye mnunuzi mmoja, njia moja na siku chache, lipigie mstari mwekundu. Ukija ofisini njoo na hilo daftari, tutaanza na hilo lenye mstari.

Kazi njema shambani.